Mabaki Yamo Sebuleni Tayari

Sofa nyingi zinazopangwa kando ya barabara jijini Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Buhongwa, zina siri ambayo kila fundi anaijua na wateja wengi wanaikisia. Chini ya velveti ya rangi ya damu ya mzee kuna fremu iliyoungwa kwa mbao za makreti yaliyokwisha kubeba mizigo, mikanda ya kukalia iliyokatwa kwenye tyubu za magari, na mahali sponji ilipopelea, vipande vya magunia na nguo chakavu. Sofa hiyo hununuliwa kwa kudunduliza, husafirishwa kwa guta au kirikuu hadi nyumbani, kisha hufunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na hakuna mgeni atakayeruhusiwa kuona kilichomo ndani yake. Kwa hiyo msanii wa jiji hili anapounda kiti cha mbao za mtumbwi uliochakaa, akakisuka kwa kamba za nyavu na kutueleza kuwa kazi yake inahoji sisi ni nani, asidhani ametuletea vitu tusivyoishi navyo. Alichofanya ni kuigeuza sofa ya Nyakato nje ndani. Swali linalostahili kuulizwa, na ambalo sijaona likiulizwa vya kutosha, ni kwa nini kitu kilichofichwa kwa uangalifu wote huo kinatakiwa sasa kionekane, na ni nani hasa anayetaka kukiona.

Nianze na upande wenye nguvu wa sanaa hii. Samani kuwa tamko la utambulisho si wazo lililoingia hapa pamoja na kumbi za maonyesho. Kwenye Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, yaliyoanzishwa na padri Mkanada David Clement, banda la ngoma na vifaa vya watemi, yaani machifu wa Kisukuma, lilijengwa kwa umbo la kigoda cha enzi. Jengo zima ni kiti. Kwa ndugu zetu Wanyamwezi kulikuwa na kiti cha enzi cha Buruku, ambacho egemeo lake limechongwa sanamu ya mtu, na ambacho kimehifadhiwa Berlin tangu enzi za ukoloni wa Kijerumani. Anayekitazama huko hawezi kusema kwa urahisi iwapo anatazama fanicha au sanamu, na nadhani aliyekichonga angeshangaa kuulizwa. Kilichokipa kiti cha namna hiyo maana yake ni haki ya kukikalia: nani anaruhusiwa, nani anasimama, nani anakaa chini. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, viti hivyo vilipoteza wakaaji vikabaki na watazamaji, na tangu hapo tumezoea kudhani kuwa utambulisho ni jambo la kutazamwa.

Hapo ndipo wasanii wetu wengi wanapokwama. Mtu akiambiwa atengeneze kiti kinachoeleza Usukuma, mkono wake unakimbilia ngoma, pembe za ng'ombe na chatu, anazichonga kwenye miguu ya meza iliyo sawa na meza nyingine zote, na kazi imekwisha. Sina ugomvi na alama hizo. Ila ngoma ya Bugobogobo, ambayo watu hao hao huitaja kila wanapotaka kuonyesha asili, huchezwa kwa majembe, na jembe halikuingia uwanjani kama pambo. Liliingia kwa sababu watu walilima kwa pamoja na ngoma ikawafuata shambani. Wazee hao walichukua chombo cha kazi kama kilivyo, chenye mpini uliong'arishwa na viganja, wakakifanya lugha. Msanii anayechukua ubao wa mtumbwi leo yuko karibu zaidi na mantiki hiyo kuliko yule anayenakshi chatu kwenye kabati, hata kama huyo wa pili ndiye anayesifiwa kwa kudumisha mila.

Nyuzi zinalieleza jambo hili vizuri kuliko mbao, kwa kuwa historia yake inatulazimisha kuacha mazoea ya kutafuta asili safi. Katani imezunguka kaya za Wasukuma kwa vizazi kadhaa ikiwa ua wa mipaka. Imetoa kamba za kufungia ng'ombe, za kusukia vitanda, za kuezekea. Ukimuuliza mzee yeyote wa Magu au Kwimba atakwambia ni mmea wa kwao. Hata hivyo mkonge, mmea unaotoa katani, uliingizwa nchini mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Asili ya mmea wenyewe ni Meksiko. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za nyuzi zake, kisha nyuzi za plastiki zikaangusha soko na mashamba makubwa yakadidimia. Ua wa Magu haukuwahi kusoma takwimu hizo na uliendelea kukua. Je, kamba ya katani ni ya kwetu? Kwa kipimo cha asili, hapana. Kwa kipimo cha mikono iliyoipiga, ikaisokota pajani na kuifanya kitanda cha teremka-tukaze ambacho kinahitaji kukazwa upya kila kinapobonyea, ni ya kwetu kuliko vitu vingi tunavyoviita vya jadi.

Ziwa nalo lina ukoo wake wa nyuzi. Kabla ya ukoloni wavuvi walitumia mafunjo na fito kwa migono na vizuizi vya samaki. Mwaka 1905 nyavu za kutega zilizofumwa kwa kitani ziliingizwa katika ghuba ya Kavirondo upande wa Kenya na kusambaa ziwani. Miaka ya 1950 ikaleta nailoni, katika muongo ule ule ambao sangara alipandikizwa ziwani. Kila uzi ulibadilisha nani anavua na nani anamiliki. Mgono unaweza kufumwa na mtu mmoja kwa vitu alivyovikata mwenyewe ufukweni, lakini nyavu ya nailoni hununuliwa dukani, na asiye na mtaji huenda kuvua kwa nyavu ya mwenye mtaji. Msanii anayetandaza ukutani nyavu iliyochakaa ya sangara anatandaza mahusiano hayo yote, ajue asijue. Akijua, anaweza kuyasema. Asipojua, ametundika pazia.

Jambo hili limewahi kufanywa vizuri mahali pengine, na inafaa kulitazama bila haya ya kuiga. Msanii wa Poland Magdalena Abakanowicz, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2017, alikusanya kamba chakavu za meli, akazifumua, akapaka nyuzi zake rangi na kuzisuka kuwa maumbo makubwa yanayoning'inia kutoka darini kama ngozi za wanyama wasiojulikana. Kazi zake za kusuka zilimpatia tuzo kuu katika maonyesho ya São Paulo ya mwaka 1965. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo ilikuwa mkonge, na miaka hiyo Tanzania ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakuu wa mkonge duniani. Mwanamke aliyeishi katika nchi iliyobomolewa na vita alipata katika kamba iliyokwisha kazi yake kitu cha kuelezea mwili na woga wake; sisi tuliolima nyuzi hizo tuliendelea kuamini kuwa sanaa huanzia kwenye mpingo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Baada ya vita vya Msumbiji vya mwaka 1977 hadi 1992, Baraza la Kikristo la nchi hiyo, kwa msukumo wa Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mwaka 1995 mpango wa kubadilishana silaha na vifaa vya kazi: mtu alileta bunduki, akaondoka na jembe, cherehani au baiskeli. Silaha zilikatwakatwa na vipande kupewa wasanii. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato anayejulikana kwa jina la Kester, aliunda mwaka 2001 kiti cha enzi cha bunduki ambacho sasa kimo katika Makumbusho ya Uingereza. Hakuna bunduki hata moja katika kiti hicho iliyotengenezwa Afrika. Ni kiti cha Msumbiji kabisa, kilichoundwa kwa vyuma vya watu wengine, na nguvu yake inatokana na mgongano huo. Kinakalika kwa umbo na hakikaliki kwa dhamiri.

Wapo wanaopendekeza tufanye vivyo hivyo na nyavu haramu. Pendekezo linavutia, kwa maana tuna malighafi: timba na makokoro yanayokamatwa katika doria, ambayo kwa kawaida huishia kwenye moto, kama ilivyoonekana mwaka 2018 wakati wa Operesheni Sangara, ile kampeni ya serikali dhidi ya uvuvi haramu. Mimi nalitilia shaka. Bunduki ya Msumbiji ilipelekwa na mwenyewe kwa hiari, naye akapewa kitu cha kuanzia maisha. Nyavu ya Mwanza huchukuliwa, na mwenyewe hubaki na deni la aliyemkopesha. Sheria ina sababu zake, kwani nyavu zenye matundu madogo humaliza samaki wachanga na kesho ya mvuvi yule yule. Lakini msanii atakayezitumia nyavu hizo kama ushahidi wa ushindi wa utunzaji wa mazingira atakuwa amesimulia nusu ya habari, tena nusu isiyo na mvuvi ndani yake. Angalau aanze kwa kumtafuta aliyenyang'anywa.

Niache nadharia kidogo nielezee benchi moja nililoliona katika karakana isiyo mbali na mwalo wa Kirumba, wanakoegesha mitumbwi na kushusha samaki, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala hii. Urefu wake ulikuwa wa kukalisha watu wanne waliobanana. Ubao wa kukalia ulitoka ubavuni mwa mtumbwi, na fundi hakuunyoosha: ule mpindo wa mtumbwi aliuacha, kwa hiyo wawili wa katikati wanakaa chini kidogo kuliko wa pembeni na wanalazimika kuegemeana. Kwenye maungio kulikuwa bado na pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa za mtumbwi, iliyogandamana na lami, ngumu kama kucha. Matundu ya misumari yalikuwa na duara jeusi la kutu kuzunguka kila moja. Rangi ya buluu ilibaki kwenye mashina ya herufi, na ukisogea nyuma unasoma "...SAIDIE", maana neno la kwanza la dua ile lilibaki kwenye ubao mwingine, au kwenye jiko la mtu. Miguu ilifungwa kwa kamba ya nailoni ya kijani, fundo la wavuvi, lile linalozidi kukaza kadiri linavyovutwa. Na lilinuka. Baada ya sabuni, jua na msasa, lilinuka dagaa.

Fundi aliniambia kuwa mteja mmoja alimtaka aondoe harufu na rangi, apige vanishi ya kung'aa. Alikataa kuhusu rangi akakubali kuhusu harufu, na nadhani alipatia. Kila uamuzi wa namna hiyo ndio sanaa yenyewe: nini kibaki, nini kiondoke, ili mti ulioishi maisha mawili usiongopewe lolote kati ya hayo. Angepiga randa hadi ubao uwe mweupe angepata benchi zuri la mvule lisilo na la kusema. Angeacha misumari iliyochomoza angepata kitu cha kutazamwa tu, na mtu akichanika suruali angekuwa na haki ya kulalamika. Nilichokipenda zaidi ni ule mpindo. Benchi halikusema neno lolote kuhusu watu wa ziwa, ila ukilikalia na mwenzako mnajikuta mmekaa kama abiria wa mtumbwi, bega kwa bega, mkisawazisha uzito. Ningelitaja kuwa sanamu kwa sababu hiyo moja.

Nilipouliza litakwenda wapi, jibu lilikuwa hotelini. Huko ndiko zinakokwenda karibu kazi zote za aina hii ambazo nimeziona mjini: hoteli za ufukweni, nyumba za wageni wanaofanya kazi katika mashirika, ofisi zinazotaka kuonekana zinajali mazingira. Sebule za Igoma na Mabatini hazizitaki, na wasanii huwa wepesi kusema kuwa watu wetu hawajaelimika kuhusu sanaa. Nalikataa jibu hilo. Mama aliyelala kwenye kitanda cha kamba miaka yote ya utoto wake, akakalia kigoda jikoni na ndoo iliyopinduliwa sokoni, anajua vizuri kabisa kamba na ubao mkuukuu vinasema nini. Vinasema hatukuwa na kingine. Velveti ni jibu lake kwa kauli hiyo. Anayeweza kuweka sebuleni kitu kilichochakaa na kukiita uzuri ni yule ambaye hakuna atakayedhani kuwa amekosa pesa ya kununua kipya. Umaskini unapendeza kwa mtu ambaye haumhusu. Hii ndiyo sababu benchi lile lile linaitwa ubunifu likiwa hotelini na linaitwa dhiki likiwa kwa Mama Neema.

Tena mama huyo si mgeni wa sanaa ya nyuzi. Vile vitambaa vya makochi, vilivyofumwa kwa sindano ya kroshia katika maua, nyota na samaki, vikafuliwa kwa wanga ili visimame, ndiyo kazi ya nyuzi iliyoenea kuliko zote katika nyumba za Kanda ya Ziwa. Vinatolewa zawadi kwenye sendoofu, vinabadilishwa sikukuu, vinaonyesha nani ana subira na nani ana shoga mwenye subira. Wanawake wamevifuma kwa uzi wa dukani, na wapo waliofuma mikoba na mikeka kwa mifuko ya plastiki iliyokatwa utepe, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Hakuna aliyewaita wasanii wa mabaki. Kama sanaa ya nyuzi na mabaki inataka kweli kuhoji utambulisho wa Mwanza, imepuuza chumba ambamo utambulisho huo unatengenezwa kila siku, na wafumaji wake wameachwa kuwa vibarua wa kulipwa kwa kipande.

Ningependa kuona mtu akianzia hapo. Achukue sofa ya Nyakato, aache velveti upande mmoja na kuivua upande wa pili, ili kreti, tyubu na gunia vionekane vikifanya kazi yao chini ya kitambaa cha kroshia kilichofumwa kwa uzi uliofumuliwa kwenye nyavu. Sofa ya namna hiyo isingembeza mwenye velveti wala kumtukuza mwenye hoteli. Ingesema kuwa fahari na mabaki vimekuwa vikiishi pamoja katika kiti kimoja siku zote, na ingemwachia mkaaji kuchagua upande.

Kuhusu gugumaji nitasema machache, maana limesemwa mno. Mmea huu wa Amerika Kusini ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, ukafikia kilele miaka ya 1990, na ukapunguzwa hasa na mbawakavu walioachiwa kuula, hali ya hewa ikisaidia. Shina lake lina maji kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo rundo kubwa huanikwa ili lipatikane fungu dogo la kusuka, na likikauka nusu huota ukungu. Linatoa viti vizuri. Lakini kila kiti huuzwa kwa hadithi moja, ya kuokoa ziwa, na kwa kuwa kiasi kinachosukwa ni kidogo mno mbele ya kile kinachoota, hadithi hiyo haina uzito. Kiti cha gugumaji kingeweza kusimulia jambo gumu zaidi: mgeni aliyekuja bila kualikwa, akaziba mialo, akawa kazi ya watu. Katika jiji lililojazwa na Wasukuma, Wakerewe, Wazinza, Wajita, Wahaya, Wajaluo, Wakurya na Wahindi, sote tukiwa tumefika kwa njia moja au nyingine, hadithi hiyo ina mengi ya kuchokoza kuliko kaulimbiu ya taka kuwa mali.

Kaulimbiu hiyo ina madhara mengine, nayo ni bei. Kitu kinachotangazwa kuwa kimetokana na taka, mnunuzi anatarajia kukipata kwa bei ya taka. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi zake kwa miaka mingi Nsukka, Nijeria, hutumia vifuniko vya chupa za pombe kali vilivyounganishwa kwa waya wa shaba, na mwaka 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho ya sanaa ya Venice, kwa kazi ya maisha yake yote. Hauzi vifuniko vilivyookolewa. Anauza saa nyingi mno za mikono, mpangilio wa rangi usio na mwenzake, na historia ya pombe katika biashara kati ya Afrika na Ulaya. Karakana yake huajiri wasaidizi wengi, na jina linalojulikana ni moja. Hilo nalo tuliangalie tunapomchukua kuwa mfano.

Kwa benchi la Kirumba, fundi alichoma jina lake kwa chuma cha moto upande wa chini wa ubao. Namba ya usajili ya mtumbwi ilikuwa bado inasomeka ubavuni, kwa hiyo kwa uchunguzi kidogo mwalo ungeweza kueleza ni wa nani na ulivua wapi. Aliyeuunda mtumbwi, aliyepinda ubao ule kwa moto na maji hadi ukakubali, hakutajwa popote, wala aliyefunga kamba ya kijani, ambaye alikuwa kijana wa karakana hiyo hiyo na alikuwa amesimama pembeni tukizungumza. Bei iliyotajwa ilikuwa ya benchi la kawaida la mninga. Hapo nilitaka fundi aongeze majina mawili, na bei aizidishe mara tatu.